Italia Isiyopita Mlangoni

Meza ilijengwa ndani ya chumba, na hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Hud bin Saif, mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Ibra, alizinunua mbao kwa seremala wa Firq, akazibeba kwa pikapu mpaka klabuni kwetu, na seremala akaja kuziunga papo hapo. Juu yake Hud akatengeneza Italia ya kale. Milima aliisimamisha kwa jasi, mito akaipaka buluu, barabara za Warumi akazichora kwa wino mwekundu. Kazi ilimchukua miaka miwili ya likizo. Ilipokwisha, mtu mmoja akauliza itatokaje. Ikapimwa. Haikupita mlangoni wala dirishani, hata ikilazwa ubavu.

Wakati huo hakuna aliyejali. Klabu ilikuwa na vyumba vitupu na wanachama wachache, wengi wetu watu wa umri, tuliokuja Oman kutoka Unguja au bara, tukitafuta mahali pa kunywa kahawa na kuzungumza Kiswahili bila ya watoto wetu kutucheka. Lakini kufika mwaka 1998 vijana walikuwa wengi, na vijana walitaka meza ya biliadi. Kamati ikakaa, ikatazama vyumba, ukiacha majlisi yake yenyewe ya mikutano, ikaona kimoja tu chenye nafasi ya kuzunguka na mti mkononi. Ni kile kilichokuwa na Italia.

Mwenyekiti alikuwa Marzouq bin Rashid, meja mstaafu wa mizinga, mzaliwa wa Tabora. Si mtu wa kuonea. Alieleza kwenye mkutano kwamba vijana wakikosa pa kukaa watakaa ndani ya magari, na magari yatakwenda mbio kwenye barabara ya Sur, na yeye amechoka kwenda kutoa pole. Hoja ilikuwa na uzito. Meza ya Hud, alisema, itakatwa vipande vinne kwa uangalifu na kuhifadhiwa stoo.

Hud alijibu kwamba Italia ikikatwa vipande vinne itakuwa jasi na kuni. Kisha akaeleza, kwa utulivu aliokuwa nao darasani, kazi ya meza ile. Kila mwaka wanafunzi wake walikuja pale kujifunza jambo moja ambalo vitabu vya shule vililipita haraka: kwamba Roma, baada ya kuvunjwa na Hannibal, jemadari aliyetoka Afrika, pale Kanne, haikushinda vita kwa kumshinda Hannibal uwanjani. Kwa miaka mingi ilikataa kupigana naye. Ililinda miji, ikalinda washirika, ikalinda ngano, ikangoja.

Marzouq alicheka kidogo. Alisema amewahi kulinda ghala la risasi jangwani kwa muda mrefu wa maisha yake, na hakuna siku aliyoambiwa ameshinda. Kulinda ni kulinda. Kushinda ni kitu kingine.

"Basi tucheze," alisema Hud. "Wewe uwe Hannibal."

Watu wakageuka kumtazama, kwa sababu Hud hakuwa mtu wa kuchokoza watu. Marzouq akamtazama, akaona hatanii, akakubali. Masharti yaliwekwa mbele ya wanachama wote. Mchezo utachezwa Alhamisi mbili, kuanzia baada ya sala ya Alasiri. Unaanzia Kanne imekwisha, Roma imepoteza jeshi, na Kapua, mji mkubwa wa kusini, umeshajiunga na Hannibal. Ikiwa adhana ya Magharibi ya Alhamisi ya pili itaikuta Kapua mkononi mwa Roma, na miji ya Nola na Neapoli pamoja na ghala la Puteoli havijaanguka, chumba ni cha Hud na hakitaulizwa tena. La sivyo, msumeno.

Mimi nilichaguliwa mwamuzi. Jina langu Nadhir. Nilikuwa nafanya kazi idara ya maji, nikipima mifereji ya falaj, na watu waliniamini kwa kuwa sikuwa na maoni juu ya biliadi wala juu ya Warumi.

Kanuni zilikuwa chache. Kila kikosi kilikuwa kete ya mbao, na kila kete hula kokwa moja ya tende kila zamu. Kokwa ndizo zilizokuwa ngano, na mji uliozingirwa ukiishiwa kokwa hufungua milango. Uwanjani, Hannibal humshinda Mrumi hata Mrumi akiwa mara mbili yake; kanuni hiyo Hud aliiandika mwenyewe, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ila nyuma ya ukuta au handaki, Mrumi huwezi kumtoa bila ya jeshi kubwa. Kati ya pande mbili palikuwa na miji midogo ya milima ya kusini ambayo baada ya Kanne ilikuwa haijaamua. Hiyo ilimilikiwa na mchezaji wa tatu, aliyeruhusiwa kukaa peke yake, kwenda upande wowote, au kuomba hifadhi. Anayetoa hifadhi lazima aweke kete ya ulinzi katika mji ule na aulishe. Anaweza pia kukataa, na anaweza kuitoa kete yake baadaye. Marzouq aliisoma kanuni hiyo, akasema ni ya haki.

Mchezaji wa tatu alikuwa Khelef, mfanyabiashara wa tende wa Jalan Bani Bu Ali, aliyeoa Ibra na akawa hakosi klabuni. Alichaguliwa kwa sababu anajua kujadiliana bei. Ilibidi nimwonye kabla ya zamu ya kwanza kwisha, maana alikuwa akila tende za sinia na kokwa anaziweka mjini kwake.

"Mwaka wa neema, yakhe," alisema. "Mimi n'na kosa gani?"

Nikaamuru kokwa za mchezo zipakwe rangi nyekundu.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa ya Marzouq. Alicheza kama alivyozoea kuamrisha: kwa haraka, kwa sauti ya chini, bila ya kurudia. Alishuka na jeshi lake mpaka mbele ya Nola akamtaka Hud atoke. Hud hakutoka. Marzouq akachoma mashamba ya kando ya barabara. Hud alikuwa ameshaivuna ngano na kuipeleka Puteoli, bandarini. Marzouq akamgeukia kutoka kaskazini. Hud akapandisha majeshi yake milimani, akakaa huko akimtazama. Kila zamu iliyopita, Hud alisogeza kete moja ndogo mahali pasipopendeza mtu. Moja kwenye daraja la Kasilino. Moja mlangoni mwa mto Volturno. Moja kwenye ghala. Wanachama waliokuja kuona vita waliona mtu anapanga walinzi wa usiku.

Khelef hakuacha. Alimuuliza Hud kama jeshi lake limekwenda mlimani kuchuma makomamanga. Aliuliza kama Warumi wana miguu au ni vigogo. Wengine walicheka, na mmoja wa vijana akaanza kupima chumba kwa hatua, akionesha meza ya biliadi itakaa vipi. Hud aliinua macho, akamwona, akarudi kwenye ramani.

"Umeogopa, Mwalimu?" Marzouq aliuliza, si kwa dharau.

"Nimekataa," alisema Hud.

Lakini magharibi ilipofika, mahesabu yangu yalionesha kitu ambacho ukumbi haukukiona. Marzouq hakuwa amepoteza hata kete moja, wala hakuwa amechukua hata mji mmoja. Roma ilikuwa na ngano zaidi ya siku ilipoanza. Hata hivyo Hud hakuwa na njia ya kuipata Kapua. Angeizingira, jeshi kubwa la Marzouq lingekuja kumvunja mgongo. Jeshi hilo lilikuwa zima, lote mahali pamoja, na maadamu lilikuwa mahali pamoja hapakuwa na la kufanya. Hud alijua. Alipokuwa anafunga dirisha aliniambia kwamba kulinda peke yake hakutatosha, na kwamba kwa hilo Sheikh Marzouq anasema kweli.

Jumatano ni siku ya soko la wanawake Ibra. Mkewe Hud, Bi Amna, aliyezaliwa Kigoma, alikwenda kununua kitambaa na buhuri, na kila alikopita aliulizwa kama mumewe ameshateremka mlimani. Aliwajibu kwamba kule kuna baridi nzuri. Habari hii aliihadithia mwenyewe jioni ile, mimi nikiwapo kwao, na alikuwa akicheka, ila mumewe hakucheka. Kisha akaendelea na habari nyingine, kwa namna ya mtu anayemaliza mazungumzo ya soko. Alikuwa amepitia kwa mke wa Marzouq kumjulia hali. Nyumba imejaa. Kuna mjane wa Ras al Hadd aliyekuja kuomba hifadhi baada ya kugombana na shemeji zake juu ya nyumba; alikuja kwa wiki moja, na huu mwaka wa tatu, mbuzi wake wamekula waridi zote. Kuna mtu na wanawe waliokimbia deni Sinaw. Kuna kijana ambaye hata mke wa Marzouq hajui ni wa nani. Bwana hawezi kumwambia mtu aondoke. Mtu akisimama langoni akasema yuko usoni pake, basi, ameshakuwa wa nyumba.

"Stoo ya mchele haina mchele," Bi Amna alisema. "Mke wake ananiambia, Amna, tunakula kwa zamu kama jeshi."

Hud aliweka kikombe chini. Akamuomba mkewe arudie, tangu mwanzo, taratibu. Bi Amna alirudia, akishangaa mumewe ana haja gani na mbuzi wa watu.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, jambo hili lahitaji maneno mawili. Mtu wa nasaba akiambiwa na mwingine "niko usoni pako", amekabidhiwa shingo ya mtu huyo. Uso ndiyo heshima yake, na aliyeingia humo haguswi. Kukataa kunawezekana, kama kanuni ya mchezo ilivyosema. Kumtoa baada ya kumkubali pia kunawezekana, kama kanuni ilivyosema. Ila kanuni ile iliandikwa na mtu wa mjini Unguja anayejua Warumi. Na Marzouq aliisoma kama mwanajeshi, akaiona ya haki, bila ya kufikiri kwamba siku ya kuitumia hatakuwa mwanajeshi tu.

Alhamisi ya pili klabu ilijaa mpaka veranda. Marzouq, mtu wa mipango, alikuwa ameshamwita seremala wa Firq. Huyo alikuja na sanduku la vifaa, akakaa kiti cha karibu na mlango, msumeno umefungwa kwenye gunia miguuni pake. Hud alimwamkia, akamuuliza habari za safari, akaenda mezani.

Zamu ya kwanza Hud alifanya jambo lililomshangaza kila mtu. Wiki iliyopita alikuwa akiipelekea miji ya Khelef ngano kidogo kidogo kuibembeleza isiende kwa Hannibal. Sasa aliacha. Wajumbe wake aliwaita warudi, kokwa zake akazihamishia Kasilino. Khelef akaona anapoteza soko.

"Mwalimu, na mimi je? Mimi mshirika wako."

"Hujaamua bado, Khelef. Nalinda walioamua."

"Basi n'takwenda kwa mwenzako."

"Mlango uko wazi."

Khelef alijikuna kidevu. Miji yake ilikuwa haina ngano na haina walinzi, na zamu mbili mbele ingeanza kufa kwa njaa. Akaigeukia meza upande wa pili, akaweka mkono kifuani, na kwa mzaha uliokuwa na adabu ndani yake akasema kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili ili watu wote wasikie: "Sheikh Marzouq, mji wangu wa kwanza uko usoni pako."

Watu walicheka. Marzouq alianza kucheka nao, kisha akaacha. Alitazama kete zake. Nilimwona anataka kusema kitu cha kijeshi. Badala yake akachukua kete moja kutoka kwenye jeshi kubwa, akaipandisha mlimani, akaiweka mjini, na kokwa mbele yake.

"Karibu," alisema.

Zamu iliyofuata Khelef akaomba mji wa pili. Kisha wa tatu na wa nne kwa pamoja. Sidhani kama alikuwa na hila yoyote. Alikuwa mfanyabiashara aliyepata mnunuzi asiyepunguza bei. Kila mara Marzouq alitazama kete, na kila mara alisema karibu. Mbele ya veranda nzima, na wazee wa kabila lake wakiwa wamekaa mstari wa kwanza na bakora zao, hapakuwa na neno jingine mdomoni mwake. Jeshi lile kubwa likapungua kama nyama ya arusi. Kufika zamu ya sita lilikuwa limetawanyika juu ya vilima vya Lukania, kule kusini, kete moja moja, kila moja inalinda kuta za mji usio na faida na inakula ngano ambayo Marzouq hakuwa nayo.

Hapo ndipo Hud alipoteremka mlimani.

Alishuka na majeshi matatu kwa barabara tatu, yote kuelekea Kapua. Ngano ilikuwa imeshatangulia: Kasilino, Puteoli, mlango wa Volturno, zile sehemu tatu zisizopendeza alizozilinda wiki nzima huku akichekwa. Akauzunguka mji, akachimba handaki la ndani kuizuia Kapua kutoka, na la nje kuzuia msaada kuingia. Alichora mahandaki kwa chaki, na chaki ilikwaruza juu ya jasi mpaka mstari ukafunga. Watu waliokuwa nje wakaanza kusukumana waone.

Marzouq alielewa mara moja. Nitampa haki yake: sijapata kuona mtu akielewa hali mbaya kwa utulivu ule. Alijaribu handaki la nje kwa jeshi alilobaki nalo, akasukumwa. Alijaribu kupitisha ngano kwa mto, akakuta kete ndogo ya Hud mlangoni mwa mto. Halafu akafanya alichofanya Hannibal mwenyewe. Akaiacha Kapua nyuma, akalichukua jeshi lake kaskazini kwa barabara ya ndani, moja kwa moja, mpaka kwenye kuta za Roma.

Ukumbi ulisimama. Hannibal langoni mwa Roma, na majeshi matatu ya Roma yamekaa mbali, yanazunguka mji wa watu wengine. Wazee walimwambia Hud arudi. Vijana walimwambia arudi. Mwalimu mwenzake wa shule, mtu aliyefundisha sura ile ile miaka kumi, alimshika mkono akamsihi angalau atoe moja. Hata mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kunyamaza, nilijikuta natazama ile kete nyeusi ya Marzouq karibu na mto Tiberi na kujiuliza kama kanuni zinaruhusu mwalimu kukosea hivi.

Hud alihesabu kwa sauti ili wote wasikie. Roma ina kuta. Ndani ya kuta ina askari wapya walioandikishwa zamu mbili zilizopita. Ina ngano. Sheikh Marzouq hana vyombo vya kuvunjia kuta, hana chakula cha kukaa nje, na mashamba ya njiani yamevunwa. Mtu huyo amekuja kumwita, si kumpiga.

"Sitoki," alisema.

Kete za Kapua hazikusogea. Kokwa ya Kapua ilibaki moja.

Marzouq alibaki na zamu moja ya kufaa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mnara wa zamani wa ulinzi wa Ibra, na mwanga ulikuwa unapanda ukuta wa chumba. Kila mtu aliyekuwa anajua kuhesabu aliliona lililobaki. Zile kete za vilimani, zote kwa pamoja, zikiteremka kusini wakati yeye anarudi kutoka kaskazini, zingelibana handaki la nje pande mbili na kulivunja. Kapua ingepona. Magharibi ingeingia Kapua ikiwa yake. Kilichotakiwa ni kuziondoa kutoka kwenye miji ya Khelef.

Khelef mwenyewe ndiye aliyesema. Mzaha ulikuwa umemtoka.

"Zitoe, Sheikh. Mimi n'nakusamehe. Hii ni mbao tu."

"Zikitoka, miji yako inakwenda wapi?"

"Anaichukua Mwalimu. Basi. Haidhuru."

Marzouq alitazama mstari wa mbele wa wazee, kisha akamtazama Khelef, na nadhani wakati huo alikuwa amesahau kwamba seremala amekaa mlangoni na msumeno.

"Umesema uko usoni pangu, nami nikakwambia karibu," alisema. "Mbao au mtu, mdomo wangu ni mmoja. Nadhir, zamu yangu imekwisha."

Nilimuuliza kama ana hakika, kwa kuwa kanuni inanitaka niulize. Alisema ana hakika. Kapua ikala kokwa yake ya mwisho. Nikatangaza milango ya mji imefunguliwa. Hud alisogeza jeshi moja ndani, akalisimamisha katikati, na hapo veranda ikapasuka kwa kelele ambazo klabu ile haikuwa imezisikia hata siku ya kombe la mpira. Walimbeba mabegani yule mtu wa kukaa mlimani. Waliompigia kelele arudi Roma ndio waliokuwa wa kwanza kumbeba. Adhana ilianza wakati bado yuko juu, na ikabidi wamteremshe kwa heshima, kofia yake imekaa upande.

Baada ya sala walirudi wawili hao mezani kabla ya watu kujaa tena. Mimi na Khelef tulikuwa tunakusanya kokwa.

"Ulijua sitazitoa," Marzouq alisema.

"Nilijua."

"Kwa nani?"

"Kwa mbuzi wa yule mama wa Ras al Hadd."

Marzouq alifikiri juu ya hilo. Kisha alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile cheko la kweli, la tumboni, mpaka akashika ukingo wa meza. Alisema yale mawaridi yalikuwa ya mama yake, aliyeyaleta kutoka Tabora mpaka Ibra yakiwa vijiti. Alisema pia kwamba vita vyote alivyosomea vilimfundisha kuutafuta udhaifu wa adui, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia atafute wema wake.

"Hannibal naye alishindwa hapo hapo," alisema Hud. "Kila mji uliokuja kwake ulihitaji ulinzi. Asingeulinda, asingepata mwingine. Alipoulinda, hakubaki na jeshi. Roma ilikuwa na washirika wa zamani wanaoweza kujilinda na kujilisha. Tofauti ni hiyo. Ujasiri alikuwa nao zaidi yeye."

"Kwa hiyo kulinda ni kushinda."

"Ukijua unalinda nini. Wiki iliyopita ulikuwa na haki, kulinda peke yake hakukutosha. Ilibidi nikuache nawe ulinde."

Watu waliporudi, Marzouq alisimama akatangaza kama mwenyekiti. Chumba ni cha Mwalimu Hud, na kamati haitakijadili tena maadamu yeye yupo. Meza ya biliadi itakaa katika majlisi ya kamati, na kamati itakutana verandani, kuna upepo mzuri. Vijana walipiga makofi kwa sababu walikuwa wamepata chumba kikubwa zaidi ya kile walichokitaka.

Seremala akainuka, akalichukua gunia lake, akauliza kama basi anaweza kwenda, maana Firq ni mbali.

Marzouq alimzuia. Alimwambia hakumtoa Firq bure, na kwamba msumeno uliokuja lazima ufanye kazi. Akaizunguka Italia mpaka mwisho wake wa kusini, ambapo Hud alikuwa amekosa nafasi na Sisilia imekatika ukingoni. Akaonesha ukuta mtupu wa upande ule.

"Vita havikuishia Kapua," alisema. "Mwalimu, viliishia wapi?"

"Zama. Afrika."

"Basi Afrika haimo humu. Aiunge."

Seremala alitazama ukuta, akatoa kipimo chake, akauliza Afrika hiyo ifike wapi. Khelef, aliyekuwa amekwisha kurudiwa na ulimi wake, alisema ifike Tabora, Sheikh apate kuyatazama mawaridi yake yalikotoka. Bi Amna baadaye alisema angekuwepo angedai Kigoma.

"Mpaka Zama inatosha," alisema Hud.

Ikaungwa wiki ile ile, mbao mpya na za zamani, bahari katikati ikiwa nyembamba kuliko haki yake. Ilipokwisha, meza haikuwa tu haipiti mlangoni. Mlango wenyewe haukuweza tena kufunguka wote, na kila aliyetaka kuingia ilimbidi apite kwa ubavu.